Kutoka Kimara kwenda kujenga Kibaha: bei, karatasi, maji na majirani

Haupiti mwezi bila ndugu au mfanyakazi mwenzangu kuniuliza kama Kibaha, mkoani Pwani, bado kuna viwanja vya bei nafuu. Vipo. Lakini bei anayoitaja dalali ni malipo ya kwanza tu, na yanayofuata hayaandikwi popote. Mimi na mume wangu tumeyapitia, tangu tukiwa wapangaji Kimara, Dar es Salaam, mpaka sasa tunalala ndani ya nyumba yetu, na nayaandika hapa pamoja na hela zilizotutoka, ili anayejiandaa kununua aingie akijua.

Tulikuwa Kimara mwaka 2017, wakati nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya lami, kila upande. Waliokutwa ndani ya vipimo hivyo hawakuwa wavamizi wa jana. Kulikuwa na nyumba zenye umeme, zenye bili za maji, za watu waliozeekea pale na kuozesha watoto pale. Nilipita asubuhi nikienda kazini nikaona mama mmoja anang'oa fremu za madirisha kwa mikono yake mwenyewe ili aokoe mbao kabla tingatinga halijafika kwake. Tangu siku ile sikumwamini tena mtu yeyote anayesema "hapa pana usalama, mbona umeme upo". Mita ya LUKU haithibitishi umiliki. Risiti ya kodi ya jengo nayo haithibitishi.

Bomoabomoa ile ilitugusa na sisi wapangaji. Familia zilizopoteza nyumba zilitafuta vyumba palepale jirani ili watoto wasihame shule, na baba mwenye nyumba wetu akaona wateja wanagonga geti kila siku. Kodi yetu ya chumba, sebule na jiko ilitoka 150,000 kwa mwezi hadi 200,000, miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni milioni moja na laki mbili inayotakiwa siku moja, na ukichelewa wiki moja unaletewa watu wa kuangalia chumba ukiwa bado umo ndani. Tukakaa na daftari. Tukaona hela ya kodi ya miaka miwili, tukiongeza ya kikoba changu, inanunua kiwanja mahali fulani upande wa Kibaha. Ndiyo tukaanza kutafuta.

Kutafuta kiwanja kupitia madalali kuna gharama zake. Kila anayekupeleka anataka hela ya kuonyeshwa, kwetu ilikuwa elfu kumi mpaka ishirini, mbali na nauli ya bodaboda mnayopanda wote na wewe unayemlipia. Na kila mmoja anauza kitu ambacho hakipo. Hapa itapita lami. Pale serikali inajenga kituo cha afya. Kule stesheni ya treni iko karibu, subiri uone bei itakavyopaa. Ukisikiliza sana unajikuta unalipia lami ambayo hata greda halijaifikia. Nilimuuliza dalali mmoja, "Kaka, maji ya bomba yanaishia wapi?" Akanionyesha kwa mkono mahali ambapo sikuona hata nyumba. Hapo mume wangu akasema tuondoke, na tukakubaliana sisi wawili kanuni moja: tutalipia kilichopo leo. Bomba linaloonekana, nguzo inayoonekana, njia ambayo gari limepita. Kinachokuja kikija kitukute.

Kiwanja cha kwanza kilichotupendeza kilikuwa si mbali na Maili Moja, tambarare, na bei yake ilikuwa chini kuliko majirani zake wote. Bei ikiwa chini namna hiyo kuna sababu. Tukaomba kwenda kuangalia michoro ya mipango miji kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, ile hela ya kumfanya muuzaji asiuze kwa mwingine. Muuzaji akakasirika, akasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Tukamwambia amuuzie. Kwenye mchoro, sehemu ile ilikuwa imetengwa kama eneo la wazi. Huyo mteja wa jioni alikuwepo kweli, maana baada ya muda tulipita tukakuta msingi umeshajengwa, na mpaka leo msingi uko hivyohivyo, majani yameuzidi urefu.

Kuuliza mchoro hakuhitaji kujuana na mtu. Unakwenda na jina la mtaa, majina ya waliopakana na eneo, na ikiwezekana alama za mahali kutoka kwenye simu, unaomba kuelezwa matumizi yaliyopangwa. Kama kiwanja kimeshapimwa na kina namba na kitalu, unaweza kufanya upekuzi kwa msajili wa hati ukajua jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na unachokinusuru.

Kiwanja tulichonunua hakikuwa kimepimwa. Kilikuwa kipande cha shamba la mikorosho la mzee mmoja aliyekaa pale tangu ujana wake, na alikuwa anakata vipande taratibu kusomesha wajukuu. Sasa hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Ardhi isiyopimwa haina jalada la kupekua. Daftari lake ni majirani. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuandikishana tulizunguka wenyewe, bila dalali, tukawapigia hodi waliopakana na mzee pande zote na kuwauliza: mnamjua? Kuna mtu anadai eneo hili? Amewahi kuuza kipande hikihiki kwa mwingine? Mama mmoja upande wa mashariki akatuambia jambo ambalo mzee hakulisema, kwamba sehemu ya shamba ilikuwa ya marehemu kaka yake. Tukarudi kwa mzee. Hakukataa. Akatutolea barua ya usimamizi wa mirathi iliyotoka Mahakama ya Mwanzo, na siku ya kuandikishana akawaita watoto wa marehemu wakaweka sahihi. Tungenyamaza, watoto wale wangekuja wakubwa na kesi yao mkononi, na wangekuwa na haki.

Mke wa mzee pia tulimtaka awepo. Sheria za Tanzania zinalinda nyumba na ardhi ya familia, na mwanandoa mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Bibi alikuja amechelewa, alikuwa shambani. Mzee akataka tuendelee, nikasema hapana, nikamsubiri. Alipofika nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, mnajenga au mnaweka?" Nikamjibu tunajenga. Akasema, "Basi weka sahihi nionyeshe pa kuweka yangu, maana wanaoweka wametuletea nyoka." Baadaye nilimwelewa vizuri.

Siku hiyo tuliwasimamisha majirani kwenye kona nne. Mzee akashika panga akatuonyesha mpaka, mnyaa hadi mnyaa, halafu akaanza kupima kwa hatua, kama wanavyopima wengi huku: hatua ishirini na tano kwa ishirini, ndivyo tulivyopatana, kwa milioni nne na nusu. Nilikuwa nimebeba futi kamba kwenye mkoba. Nikaomba kwa adabu tuirudie kwa mita. Zilitoka ishirini na mbili kwa kumi na saba. Mzee hakuwa tapeli, hatua zake ni za mtu wa umri wake, lakini sisi tulikuwa tukiwaza mita za mraba mia tano na zilizokuwepo zilikuwa mia tatu na sabini na nne. Tukakaa chini ya mkorosho tukazungumza upya, ikaisha kwa milioni nne kasoro laki mbili. Futi kamba ile nilinunua kwa hela ya chapati na chai.

Hati ya mauziano aliandika mwanasheria, tukamlipa laki moja. Ofisi ya mtaa ilitaka asilimia kumi ya bei kwa ajili ya mhuri. Tuliomba tuonyeshwe ni sheria ipi inayosema hivyo na tupewe risiti ya serikali. Hapakuwa na sheria wala risiti. Tuliambulia maneno ya kukatisha tamaa mbele za watu, na nilirudi nyumbani nalia, lakini hatukutoa. Mtendaji wa mtaa, ambaye ni mtumishi wa umma, alishuhudia na jina lake likaandikwa kwenye hati. Ushauri wangu: mwenyekiti awepo, ni kiongozi wenu, lakini msitegemee mhuri wake peke yake. Viongozi wa mitaa hubadilika. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, mitaa mingi ilipata wenyeviti wapya, na nawajua watu wanaohangaika hadi sasa kumtafuta mwenyekiti wa zamani athibitishe alichokisaini. Pigeni picha siku ya kuandikishana, mpakani, nyuso zionekane.

Mwaka 2019 tukaweka msingi kwa mkopo wa saccos ya kazini. Ujenzi sitaueleza wote, kila aliyejenga ana yake. Nitasema mawili matatu. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kuonekana, msingi, boma, lenta, kupaua, na vifaa nunua mwenyewe. Tafuta mtu wa kulala kwenye boma mapema, sisi nondo zilichukuliwa usiku mmoja kabla ya kumwaga lenta na hatukuzipata. Na bei ya vifaa haikungoji: mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika nchini, mfuko ukapanda mpaka tukasimamisha kazi, boma likala mvua za masika ya mwaka uliofuata. Kutoka msingi hadi bati ilitutoka kama milioni ishirini na moja, nyumba ya vyumba viwili, sebule na jiko. Umaliziaji mpaka leo umekula tisa na bado dari ya chumba kimoja haijafungwa.

Kipindi kile boma limesimama ndicho kilikuwa kigumu zaidi kwangu. Tulikuwa tunalipa kodi Kimara, tunalipa mkopo, na tulichonacho ni kuta zisizo na paa. Mimi na mume wangu tulifika mahali tunazungumza kuhusu hela tu, na tukimaliza hela tunanyamaza. Nasema hili kwa sababu wanandoa wengi wanaanza kujenga wakidhani ugumu ni wa mfuko. Pangeni kabla ya msingi ni mwezi gani mtasimama na kupumua, na mkifika hapo msimame bila kulaumiana.

Tukahamia mwanzoni mwa 2022, madirisha yakiwa na nyavu na grili bila vioo. Umeme ulitukuta pabaya. Tulikuwa tumezoea kusikia kuunganishiwa ni 27,000, lakini Januari 2022 gharama za mijini zilirudi 320,960 kwa mteja wa njia moja asiyehitaji nguzo, vijijini ikabaki 27,000. Mtaa wetu una mihogo na mbuzi wanaojizungukia, ila kwa mipaka ya utawala ni mji, kwa hiyo bei ni ya mji. Ukinunua pembezoni uliza: hapa ni kijiji au mtaa? Jibu lina hela ndani yake.

Maji ni habari nyingine. Tuko upande wa maji ya Ruvu Juu, yanayosafishwa Mlandizi na kushuka kuelekea Kibaha, Mbezi na Kimara. Kuwa karibu na bomba kubwa hakukupi maji. Bomba kubwa linapita, mtandao wa mtaani ndio unaokuletea. Tulipohamia, bomba la karibu lilikuwa mitaa miwili nyuma yetu, na kwa muda tulinunua madumu kutoka kwa mama aliyekuwa na mita. Baadaye sisi majirani tukachangishana, tukafuata taratibu za DAWASA, mamlaka ya maji, tukavutiwa bomba. Oktoba 2022 mto Ruvu ukapungua sana kwa ukame na mgao ukaingia Dar es Salaam na Pwani. Boza la maji lililokuwa linakuja kwa bei ya kuvumilika likawa haliji kabisa, linakwenda kwa wanaolipa zaidi. Aliyekuwa na tangi la lita elfu tano alikaa siku nyingi kuliko aliyekuwa na mapipa. Tangi nalihesabu kwenye gharama za nyumba kabla ya marumaru, na ningemwambia mtu yeyote afanye hivyo: sakafu ya saruji inalalika, kukosa maji na watoto wadogo hakulaliki.

Sasa nifike kwenye barabara, maana hapo ndipo nilipoelewa bei ya ardhi inatoka wapi.

Mzee alipokuwa anakata shamba lake, hakuacha njia. Wala majirani zake hawakuacha. Kila aliyenunua alipita kwenye kiwanja cha mwenzake ambacho bado hakijajengwa, na kadiri nyumba zilivyoongezeka njia zikazibwa. Ilifika siku jirani yetu mmoja akashikwa uchungu usiku, bajaji ikashindwa kufika, tukambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani. Alijifungua salama. Wiki hiyohiyo mkutano wa mtaa ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona.

Mtaa ukaingia kwenye urasimishaji, ule mpango wa serikali wa kupanga na kupima makazi yaliyojengwa holela. Kampuni ya upimaji ilichaguliwa kwenye mkutano, mchango ukawa 150,000 kwa kila kiwanja, na tukaunda kamati. Niliingia kwenye kamati kwa sababu najua hesabu. Mchoro ulipoletwa kwa mara ya kwanza ukabandikwa ukutani pale ofisini, watu walisogea wakitafuta nyumba zao kwa kidole. Kisha kukawa na kelele. Barabara ya mita sita ilikuwa inapita juu ya ua wa huyu, choo cha yule, kibanda cha kuku cha mwingine.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba jioni baada ya kazi. Sisi wenyewe tulitakiwa kuachia mita mbili mbele, upande wote wa mita ishirini na mbili, kwa hiyo eneo letu likabaki mita za mraba mia tatu na thelathini. Mipapai yangu mitatu ilikuwa humo na ilikuwa inazaa. Tuliikata sisi kwanza ili tuwe na uso wa kumwomba mwingine. Mzee mwenye choo alisema hana hela ya kuchimba kingine, na ilikuwa kweli, kwa hiyo majirani tukachanga tofali na saruji, vijana wakachimba, choo kipya kikasimama ndipo cha zamani kikavunjwa. Mmoja aliyejenga ukuta wa tofali alikataa katakata. Hatukumtukana wala kumshitaki kwa haraka. Tulikwenda Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni usuluhishi, mashauri yenyewe husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mbele ya wazee wa baraza akakubali kusogeza kona moja ili gari lipinde. Kona moja ilitosha.

Greda tulilikodi kwa michango. Siku lilipomaliza, gari la mchanga liliingia mpaka mlangoni kwetu, na kabla ya mwezi kuisha madalali walikuwa mtaani na wateja. Vipande vilivyokuwa vinauzwa elfu kumi kwa mita ya mraba vikatajwa elfu kumi na tano, na vyenye kona elfu ishirini. Hakuna lami iliyokuja, hakuna stesheni. Bei ilipanda kwa sababu watu walikata ua zao. Ndiyo maana nachukia ninaposikia dalali akimwambia mteja "eneo hili linakua lenyewe".

Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na mkoani kwetu kuna stesheni za Soga na Ruvu. Ni jambo jema. Ila wiki zile niliona bei zikipandishwa kwenye mitaa ambayo mkazi wake akitaka treni itabidi apande bodaboda mwendo mrefu, au ashuke mjini kabisa. Vivyo hivyo kituo cha mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa Mbezi Luis mwaka 2021: karibu na kituo fremu na nyumba za wageni zilichangamka kweli, lakini kuna wamiliki wa mbali kabisa waliopandisha kodi kwa jina la kituo hichohicho, na wapangaji wakahama. Ukitaka kujua kama habari njema inagusa kiwanja chako, tembea kwa miguu kutoka hapo hadi kwenye hiyo habari njema, ukiwa na mtoto na mzigo, saa ambayo utakuwa unatembea kila siku. Mimi naamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwe kazini saa mbili. Mwaka wa kwanza mwanangu alikuwa analala akiwa na kijiko mkononi. Tulimhamishia shule ya huku, na ukweli ni kwamba uamuzi huo ulitupa amani kuliko nyumba yenyewe.

Watu wamehamia kwa kasi. Sensa ya 2012 iliihesabu Pwani watu milioni 1.1, ya 2022 ikapata zaidi ya milioni 2.02. Mtaani kwetu naiona hesabu hiyo kwa vyumba vya kupanga: vijana wa viwandani na walimu wapya wanatafuta chumba chenye choo ndani, na wastaafu waliopata mafao wanajenga vyumba vinne vinne kwenye mstari mmoja. Kodi ya chumba na sebule iliyokuwa elfu hamsini tulipohamia sasa ni themanini mpaka laki. Anayefikiria kujenga vya kupangisha aangalie kwanza shimo la choo na maji. Jirani mmoja alijenga vyumba vingi kwenye kiwanja kidogo, mvua za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zikajaza shimo, na wapangaji wote wakaondoka mwezi mmoja.

Sasa wale "wanaoweka", kama alivyosema bibi. Karibu robo ya viwanja mtaani kwetu ni pori. Wenyewe wako mjini, wengine nje ya nchi, walinunua wakitarajia bei. Nyoka wametoka humo kweli, na vibaka wanajificha humo. Ulinzi shirikishi tunachanga sisi tulio hapa, greda tulichanga sisi, na thamani inapanda hata kwa asiyechanga. Sina ugomvi na anayeweka akiba kwenye ardhi, ni haki yake. Lakini akate majani mara mbili kwa mwaka, aache namba ya simu kwa mjumbe, na achange. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo kwa faida yake: mtaani kwetu kipande kimoja kiliuzwa mara mbili, na kilichomwokoa mnunuzi wa kwanza, aliyekuwa mbali, ni kwamba jirani alikuwa na namba yake akampigia siku hiyohiyo aliyoona watu wapya wanapima.

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana nacho kilianza kwa sababu ya uhamiaji huu. Watu wa makabila mbalimbali, dini mbalimbali, hakuna anayejua kwao na mwenzake ni wapi. Msiba wa kwanza ulitukuta hatuna hata turubai. Sasa tuna turubai, viti, masufuria, na mchango wa elfu tano kwa mwezi. Mgeni akihamia, mama wawili wanakwenda kumpokea wiki hiyo na kumweleza utaratibu. Ukinunua mahali, uliza kama kikundi kipo na nenda mkutano wa mtaa hata mara moja kabla ya kulipa. Ndani ya saa mbili utasikia ugomvi wote wa mipaka, nani ana kesi, maji yanakatika siku gani, na baa ipi inapiga muziki mpaka alfajiri. Hakuna dalali atakayekwambia hayo.

Upimaji wetu uko hivi kwa sasa. Bikoni, zile alama za mipaka, zimewekwa, mchoro umeidhinishwa, na kampuni ilichelewa sana hapo katikati mpaka kamati ikalazimika kufuatilia halmashauri kwa barua, kila barua na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa. Waliolipa bila kudai risiti ndio waliosumbuka zaidi kuthibitisha. Kinachofuata ni kila mmoja kufungua jalada lake la hati na kulipia serikalini kwa kontro namba, kamwe si kwa mkono wa mtu. Ukishapata hati utadaiwa pango la ardhi kila mwaka, liweke kwenye bajeti. Kwa wa mtaa wetu: leteni nakala ya hati ya mauziano, kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na risiti ya ule mchango, na walionunua wakiwa wameoana waje wote wawili ili majina yote mawili yaandikwe. Kamati inakaa ofisini Jumamosi asubuhi.